Jengo Limenunuliwa, Mama Nsimire Hayupo

Jumatano, Scarborough, pembeni mwa Toronto. Theluji tangu jana jioni, na mabasi ya shule yamefutwa.

Ujumbe wa kufuta mabasi uliingia kwenye simu saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimeshavaa suruali mbili na soksi za sufu. Mimi ni dereva wa basi la shule, yale ya njano. Siku za theluji nyingi wazazi wananuna, watoto wanashangilia, na sisi madereva tunarudi kitandani. Zamani nilizipenda sana siku hizi. Adhuhuri nilikuwa navuka ukumbi hatua tatu, nagonga mlango unaotazamana na wangu na kusema, "Hodi, leo nipo siku nzima," na siku yenyewe inaisha sijui imeishaje.

Leo nilikaa jikoni na suruali zangu mbili. Wapaka rangi wa nyumba ya mbele nao hawakuja, barabara hazipitiki. Harufu ya rangi ya jana bado ipo ukumbini. Kuta zile zilikuwa za kijani kibichi, Mama Nsimire, jirani yangu aliyeishi humo, alizipaka mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa ni nyeupe kama hospitali.

Jiji limenunua jengo letu.

Niliandike vizuri, maana kuna wasomaji wangu wa huko nyumbani wataniuliza jiji linanunuaje nyumba za watu. Halmashauri ya jiji hapa ina mpango: badala ya kujenga tu majengo mapya yanayochukua miaka, inanunua yale ya zamani ambayo tayari yana wapangaji wa kipato kidogo, ili kodi isirushwe juu wakafukuzwa. Jengo letu ni la matofali, ghorofa tatu, milango kumi na miwili, halina lifti. Ukilitazama kutoka barabarani huwezi kuamini kwamba kuna mtu anaweza kulitamani. Lakini mwenye jengo wa zamani alipata kampuni iliyolitamani, na kampuni ililitaka likiwa tupu. Ndiyo mwaka mzima uliopita akawa anamtuma kijana wake mwenye viatu vinavyong'aa, anapita mlango kwa mlango na makaratasi. Ukisaini kwamba unahama kwa hiari, unapewa kitu cha kukusaidia kuhama. Usiposaini, unasubiri uone.

Sisi tuliokataa kusaini tukaanza kukutana chini, kwenye chumba cha mashine za kufulia. Mimi walinichagua kuwa mwakilishi. Usidhani ni kwa uongozi wangu. Ni kwa sababu Kiingereza changu kimenyooka kidogo, na kwa sababu saa za mchana huwa nipo nyumbani, kati ya kupeleka watoto na kuwarudisha. Mama Nsimire alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kunichagua, halafu akasema mbele ya watu wote, "Mumuache tu, ba-Tanzania banaomba ruhusa hata ya kukohoa, jiji itamuhurumia." Watu walicheka. Hata wale wasiojua Kiswahili walicheka.

Yeye ni Mkongo wa Bukavu. Alifanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, akitoka kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo mchana tulikuwa wawili tu ghorofa ya tatu. Miaka sita tumekunywa chai pamoja kila mchana wa kazi. Nilimtania kwamba Kiswahili chake kila kitu ni "iko", mtoto iko, sahani iko, Mungu iko. Yeye alisema ugali wangu ni uji uliokasirika. Akipika sombe, kisamvu cha kwao, nyumba nzima inanukia, na bakuli langu linavuka ukumbi bila mimi kuomba.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sijaliandika popote.

Mwaka jana, mwanzoni mwa baridi, Jumanne moja, Bi. Anita alinipigia simu. Bi. Anita ndiye mtu wa jiji aliyekuwa anashughulikia jengo letu, mama mmoja mpole anayeongea taratibu kama anasomea watoto. Aliniambia jiji limekubali kulinunua, mwenye jengo amekubali, kilichobaki ni mawakili na sahihi, wiki tatu au nne. Akasema, waambie majirani zako wasisaini chochote tena.

Nilimshukuru. Niliweka simu mezani nikacheza, mimi mwenyewe, na mwiko mkononi.

Halafu nikanyamaza.

Msomaji wa kwetu ataelewa kabla sijaeleza. Sisi jambo jema halitangazwi bado likiwa tumboni. Mtu anajenga nyumba, wewe utaiona ikiwa na bati. Mtu anasafiri kwenda Ulaya, utajua siku ameweka picha ya theluji kwenye simu, na wiki iliyopita mlikaa naye benchi moja kanisani. Hatusemi. Kuna kijicho, kuna mikosi, na kuna aibu ya kutangaza halafu lisiwe. Na mimi aibu hiyo naijua kwa jina. Karatasi za mume wangu za kuja huku zilipopita hatua ya kwanza, nilipiga simu Morogoro yote. Ofisini kwake wakamfanyia sherehe ya kumuaga, wakamnunulia hadi begi. Akaacha kazi. Mwezi mmoja baadaye karatasi zikakataliwa. Hakuniambia neno baya hata moja, ila hakuniambia tena neno zuri, na baada ya miaka miwili hatukuwa na ndoa. Mama yangu alisema tu, "Mdomo uliponza kichwa."

Kwa hiyo Jumanne ile niliwaambia majirani nusu ya maneno. Nilipita mlango kwa mlango nikasema, "Jamani tusisaini, tuvumilie." Lakini hilo "tuvumilie" walikuwa wamelisikia mwaka mzima. Nilimwambia na Mama Nsimire, tukiwa na chai, na nilipomwambia niliangalia dirishani ili asione uso wangu. Alinitazama kidogo, akasema, "Tutaona."

Ijumaa aliniambia amesaini. Wao wanasema kusinye. "Mama Dani, nilishasinye. Nimechoka kungojea." Dani ni mwanangu, yuko Vancouver. Akasema anakwenda Windsor, kwa binti yake Chantal, mwisho wa mwezi.

Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kuufungua pale pale, nikamwambia, kimbia kamrudishie yule kijana karatasi yake, jiji linanunua. Nilifikiri, je, mawakili wakivurugana? Je, nikimzuia halafu lisiwe, akakosa huku na huku? Nikasema moyoni, nisubiri liive. Nikamwambia, "Pole, ndugu yangu."

Siku ya kuhama mkwe wake alikuja na gari la mizigo. Nilishuka ngazi nimebeba sanduku lake la vyombo, vikombe vile vile tulivyonywea chai, na habari ninayo. Nililiweka garini. Akanikumbatia. Alikuwa analia, nami nililia, na habari bado ninayo.

Siku tisa baadaye sahihi zikawekwa, barua ikabandikwa mlangoni. Watu walipiga vigelegele kwenye ngazi. Mzee mmoja Mtamil wa ghorofa ya kwanza alileta pipi, akagawa kwa kila mtu. Mimi nilipeana mikono. Nilipongezwa kama bibi harusi. Mama Nsimire aliona picha kwenye kundi letu la simu, akatuma sauti: "Aksanti Mungu! Mama Dani, umesikia? Mungu iko mukubwa!" Hakuuliza kitu. Alidhani hakuna aliyejua kabla.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimpigia mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya ibada, dakika kumi. Habari za huko, baridi, wasalimie. Mtu niliyekula naye kila siku.

Watu hawaniulizi kama nina upweke, na nadhani hata wakiniuliza nitakataa. Nina nyumba, kodi haitapandishwa ovyo, radieta inapiga kelele lakini inapasha moto. Wengi wanaitafuta nafasi kama hii. Ni mchana tu unaonishinda. Ninarudi saa tatu na nusu asubuhi basi likiwa tupu, ninapanda ngazi, ninatoa funguo, na mgongo wangu unakuwa umeelekea ule mlango wa mbele. Najihisi kama natazamwa na mtu anayenidai jibu. Chai naipika ya watu wawili, mkono haujajifunza. Inayobaki naimwaga.

Juzi Jumatatu Bi. Anita alikuja mwenyewe, akaacha viatu vyake vyenye theluji nje kama mtu wa kwetu. Alikuwa na fomu. Nyumba ya mbele bado haijapewa mtu. Akasema wapangaji waliosaini kuondoka bila kupata habari kwamba jengo linanunuliwa wanaweza kuomba kurudi, na wakakubaliwa kabla ya watu wa kwenye orodha. Ila ni lazima mwakilishi wa wapangaji aandike: habari ilimfikia lini, na yeye aliwafikishia wenzake lini. Mwisho ni Ijumaa.

Hakuninyooshea kidole. Pengine hata haikumjia kichwani kwamba sikusema. Kwao ukipewa habari njema unaisema.

Fomu ilikaa mezani Jumatatu. Ilikaa jana. Nilipika pembeni yake, nikala pembeni yake. Kuijaza maana yake Mama Nsimire aisome na kuisaini yeye pia. Kuiacha maana yake Jumamosi familia nyingine inaingia, na mimi naendelea kuwa yule shujaa wa chumba cha kufulia. Nikiri: jana nilifikiria kuiacha. Nilifikiria hivyo kwa saa nzima, si kwa dakika.

Leo hakuna basi, hakuna pa kukimbilia. Nilijaribu kumpigia Dani kwanza, labda nipate moyo. Alinijibu kwa maandishi ya Kiingereza kwamba yuko kwenye mkutano, atanipigia wikiendi. Mtoto mzuri, hana kosa. Saa sita mchana nikaweka maji ya chai jikoni, nikampigia Mama Nsimire.

"Mama Dani! Uko mugonjwa? Leo haiko siku yako ya kupiga."

Nilisema siumwi. Nilimweleza kuhusu fomu, kwamba nyumba yake ipo wazi na anaweza kurudi. Halafu, kabla moyo haujarudi nyuma, nikamwambia yaliyobaki. Kwamba nilijua. Kwamba niliambiwa Jumanne na yeye alisaini Ijumaa.

"Siku ile ulibeba sanduku yangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilisikia kitu kama kijiko kikiwekwa mezani. Mvuke wa maji ulikuwa umejaa jikoni na sikuweza kuinuka kuzima. Nilimwambia nisamehe, sikutaka mabaya, niliogopa kutangaza kitu kabla hakijawa. Nilimwambia ya mume wangu na lile begi, ingawa alishayajua. Nilikuwa naongea haraka haraka kama mtoto aliyevunja sahani.

Aliponijibu sauti yake ilikuwa chini.

"Sikiliza. Hata mimi niko na kitu nilikuficha. Chantal iko na mimba. Wakati ule ilikuwa miezi mbili tu. Ile ya kwanza ilitoka, na ya pili ikatoka. Nikasema hii sitaisema kwa mutu, hata kwa Mama Dani, mupaka ikuwe kubwa. Daktari alisema alale tu, asiinuke. Nani atamupikia? Njo maana nilisinye. Hata kama jiji inanunua, hata kama hainunui, nilikuwa naenda."

Nikauliza ana miezi mingapi sasa.

"Tano. Inapiga mateke."

Nilimpongeza, na nilikuwa napongeza kweli, huku machozi yananitoka kwa sababu nyingine. Miezi mitatu nimejilaumu kwamba nilimfukuzisha, kumbe mguu wake ulikuwa tayari njiani. Tulikaa meza moja, birika moja, wiki ile yote, kila mmoja amefumba mdomo juu ya jambo lake jema. Nilitegemea kupumua. Nilipumua kidogo, ndiyo. Lakini pia niliona wazi kwamba harudi. Nadhani tangu Jumatatu nilikuwa nimeshampangia vikombe.

Nikasema, basi hujapoteza kitu kwa sababu yangu. Nilisema kama utani.

Hapo ndipo alipokasirika.

"Hapana. Ungeniambia. Siyo juu ya nyumba. Mule mu gari, kutoka Toronto mupaka Windsor, nililia juu yako. Mukwe wangu anauliza, mama, unalilia nyumba? Ninamwambia, siyo nyumba. Ninalilia Mama Dani. Batamufukuza mu baridi, ataenda wapi, hana mutu hapa. Nikafika, nikakuwa silale. Siku tisa, Mama Dani! Na weye ulikuwa unajua uko salama."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Miezi mitatu nilikuwa nimehesabu kosa langu kwa upande wa nyumba yake tu. Haikunijia kwamba kuna mtu alikuwa anakosa usingizi kwa ajili ya nyumba yangu. Nilikuwa naamini kabisa kwamba katika nchi hii hakuna mtu ambaye kulala kwake kunategemea mimi nimelala wapi.

Nililia kwa sauti. Yeye aliniacha nilie, ni mtu anayejua kuacha watu walie.

Kisha akauliza, "Kitu gani ingine unanificha?"

Nikasema hakuna. Ni jibu la mdomoni, linatoka lenyewe. Akasema, "Mama Dani."

Basi nikamwambia. Kwamba leo, mpaka saa sita mchana, nilikuwa sijatumia sauti yangu. Kwamba kuna siku maneno yangu yote ni "habari za asubuhi" kwa watoto thelathini wanaopanda basi, na wengi wana vitu masikioni. Kwamba jengo tumeliokoa na mimi ninaogopa kupanda ngazi zake. Kwamba nawaambia watu wote niko vizuri. Niliyasema yale kwa aibu kubwa kuliko nilivyokiri ile habari ya jiji.

Hakunipa pole. Alisema, "Maji yako imechemka? Ninasikia inalia. Weka simu kwa meza, tukunywe."

Tukanywa. Yeye kule na kikombe chake, mimi hapa na changu, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Nilimsikia akipuliza chai. Chantal alimwita kutoka chumbani, akajibu, "Niko na jirani yangu." Kisha akaniaga, akasema nisipige tena Jumapili peke yake, nipige saa ya chai, na nikipika uji wangu uliokasirika nimwonyeshe acheke.

Nilipokata simu nyumba ilirudi kimya kama ilivyokuwa. Sitadanganya kwamba niliona mwanga. Windsor ni mbali, na simu haina harufu ya sombe.

Nimejaza fomu. Kwenye nafasi ya tarehe nimeandika ukweli: habari ilinifikia Jumanne, wenzangu niliwafikishia baada ya jengo kununuliwa. Mahali pa sababu nimeandika kwamba niliogopa. Chini yake nimeandika kwamba mpangaji harudi, amepata jukumu la familia. Bi. Anita atasoma na ataona mwakilishi wake ni mtu wa namna gani. Sawa. Jumamosi watu wa kwenye orodha wataingia. Alisema ni mama na watoto wawili, hakusema wa wapi, na mimi sikuuliza. Nitavuka zile hatua tatu nikiwa na chai ya kupita kiasi, maana hiyo naijua kuipika.

Jioni hii theluji imekoma. Barabara zimeanza kusafishwa, kesho mabasi yanatembea. Kwa kawaida siku kama hii ningetoka hadi mlangoni, nikapiga picha ya theluji, nikamtumia dada yangu Morogoro, naye angejibu, "Jamani mnafaidi!" Nina picha kama hizo mia.

Leo sikutuma picha. Nimemwandikia: "Dada, huku niko peke yangu."

Huko sasa ni usiku wa manane. Ataisoma akiamka.